Makopo Mia Sita Bila Nguo

Wiki tatu mfululizo, kila Alhamisi asubuhi, Mzee Mfuniko alitoka kwake na gunia tupu kwapani, akaenda mpaka kwenye geti la ghala la chakula cha msaada, akalitazama lile geti kama mtu aliyekutana na mbwa asiyemjua, kisha akageuza.

Wiki ya kwanza alimwambia mkewe kwamba ghala limefungwa kwa sababu ya mvua. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu ya kulowesha nyusi. Wiki ya pili alisema chakula kimekwisha.

"Ulikuwa wa ngapi kwenye mstari?" mkewe akamuuliza.

"Wa pili."

"Wa pili, na chakula kikaisha? Huyo wa kwanza alikuwa nani, tembo?"

Wiki ya tatu alipita moja kwa moja mpaka chumbani akajitia anatafuta miwani, na miwani anayo usoni.

Alhamisi ya nne mkewe alimngoja mlangoni, amejishika nyonga yake mbovu kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono wa pili.

"Baba, nisikilize vizuri. Wajukuu wako watatu leo siku ya tatu wanakunywa uji mtupu. Yule mdogo jana kaniuliza eti meno ni ya kazi gani. Sasa, ukirudi mikono mitupu, nakwenda mimi. Na sipiti njia za uchochoroni kama wewe. Nitapita katikati ya barabara kuu, nikichechemea, na kila mtu nitamsalimia na kumweleza ninakokwenda na kwa nini mume wangu hakwenda."

Mzee alimjua mkewe kwa miaka arobaini. Huyu hakuwa mtu wa kutishia nyau. Alichukua gunia.

Msije mkadhani alikuwa mvivu, au kwamba hakuwapenda wajukuu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe: aliona haya. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha makopo, kwenye mashine ya kufunga mifuniko. Jina lake alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Hata barua za kiwandani zilimwandikia "Mfuniko". Kila kopo la maharage, la nyanya, la samaki, la mananasi lililotoka pale lilipita kwanza mbele ya macho yake. Miaka minne iliyopita kiwanda kikauzwa. Mashine zikang'olewa, zikapakiwa kwenye malori, zikapelekwa mji wa mbali, na wafanyakazi wakapewa kila mmoja cheti na taulo. Cheti alikining'iniza ukutani. Taulo lilishachakaa. Na leo yeye, aliyekuwa akifunga chakula cha watu, akapange mstari apewe kopo mkononi kama mtoto anayetumwa dukani? Na itakuwaje akionwa na mtu wa kiwandani? Hapo ndipo roho ilipokuwa inamuuma. Wageni wakimwona, potelea mbali. Lakini watu wa kiwandani!

Basi alikwenda, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, akiomba kimoyomoyo asikutane na anayemjua.

Geti lilikuwa wazi. Alipiga moyo konde, akavuka. Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu wa mabati, wenye meza za mbao zilizopangwa kwa urefu, na mstari wa watu kama mia hivi uliojikunja mara mbili ukutani. Mstari hauendi. Watu wameketi juu ya ndoo zao na vikapu vyao, wengine wanapepea nzi, wengine wananung'unika. Mzee alijibanza nyuma kabisa, nyuma ya mwanamume mwembamba mwenye kitana sikioni.

"Karibu mzee," yule mwanamume akasema. "Mimi ni kinyozi. Nilikuwa na banda langu, barabara ikapita juu yake. Umekuja siku mbaya. Leo hakuna kitu."

"Kwa nini?"

"Makopo yamevuliwa nguo."

"Yamefanywaje?"

Kinyozi akamwelekeza kwa kidevu. Katikati ya ukumbi, juu ya turubai, kulikuwa na mlima wa makopo. Yalikuwa kama mia sita, yote ya ukubwa mmoja, yote meupe yanang'aa kama vioo, na hakuna hata moja lililokuwa na karatasi ya jina.

Habari yenyewe ilikuwa hivi, na kinyozi aliieleza kwa raha zote za mtu asiye na wateja. Makopo yaliletwa juzi na lori lililokuwa limebeba pia mapipa ya grisi. Njiani pipa moja likapasuka, makopo yakafika yamepakaa grisi na vumbi mpaka yanatia kinyaa. Sasa msimamizi wa ghala, mama mmoja aliyefundisha shule miaka mingi na ambaye watu wote walimwita Mwalimu, alikuwa na msimamo wake: mtu hapewi msaada mchafu. Nguo zilizoletwa hapo zilipigwa pasi kwanza. Viazi vilisuguliwa. Alipoyaona yale makopo akasema, "Hapana. Hatumpi mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekiweka mezani kwangu." Akaamuru yalowekwe kwenye mapipa ya maji moto na sabuni, usiku kucha. Asubuhi makopo yakatoka safi kama mabwana harusi, na karatasi zote zikabaki ndani ya mapipa zimekuwa uji.

"Ghala lolote lingine lingetugawia na grisi yake," kinyozi akamalizia, "na tungeshukuru. Hapa kwetu tumeponzwa na heshima."

"Si wagawe hivyohivyo? Mtu atajua akifungua."

"Mkaguzi wa afya kakataa. Yule pale, mwenye shati jeupe na bahasha. Anasema kopo lisilojulikana halitolewi, kwa sababu kuna watu wakila samaki wanavimba uso na koo linaziba. Yeye mwenyewe dada yake yuko hivyo. Lori la taka linafika saa sita kuja kuyabeba. Na kiwanda kilichoyatengeneza kikipigiwa simu, simu inaita, inaita, inakufa."

Sasa hapa lazima tuseme ukweli hata kama haumpendezi mtu. Mzee Mfuniko aliposikia hayo, kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu. Kifua kikamfunguka. Alhamisi nne, na hatimaye angerudi nyumbani na sababu ya kweli! Mkewe angeweza kuja kuuliza mwenyewe. Aligeuza mguu mmoja kuelekea getini.

Ule mguu wa pili ndio uliokanyaga kopo. Lilikuwa limebingirika kutoka kwenye mlima. Aliinama, akaliokota, na mkono, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, ukaligeuza wenyewe ukaangalia mfuniko. Mkono haukumwomba ruhusa.

Pembeni ya mfuniko, kwenye ule mkunjo, palikuwa na kibonye kidogo, kama alama ya jino la mtoto.

Mzee akaokota la pili. Kibonye. La tatu, hakuna. La nne, hakuna. Akapiga hatua, akachukua mengine kutoka kwenye mlima, akihesabu kwa midomo. Katika kila sita, kama moja lina kibonye, palepale.

"Bi Mkubwa!" akapiga kelele, na ukumbi mzima ukageuka. "Bi Mkubwa yu hai!"

"Mzee, umempata nani?" kinyozi akauliza, akisogea nyuma kidogo.

"Mashine yangu! Hili ni jino lake! Ana vichwa sita vya kufungia, na cha tatu kiligongwa na spana miaka kumi na nane iliyopita, kikapata pengo, nikawaambia wasikibadilishe, kinafunga vizuri kuliko vingine vyote. Nilidhani wamemyeyusha wakatengenezea misumari. Kumbe anafanya kazi! Tazama anavyofunga! Tazama mkunjo huo!"

Macho yalikuwa yamemjaa maji na meno yote yako nje. Kofia ilikuwa imeanguka muda mrefu na hakuwa na habari nayo.

Mwalimu alikuja mbio, mikono bado ina mapovu ya sabuni. Usiku ule hakuwa amelala, na ilionekana. "Baba yangu, unayajua makopo haya?"

"Kama ninavyowajua watoto wangu. Zaidi, maana watoto wangu hawana namba kichwani." Akamgeuzia mfuniko. Palikuwa na namba zimegongwa katikati, ndogondogo, za kusoma kwa kutafuta mwanga. "Hizi mbili za mwanzo ndizo chakula. Kumi na nne, maharage. Ishirini na mbili, nyanya. Thelathini na moja, samaki. Arobaini, mananasi. Zinazobaki ni siku na mwaka, na haya yamefungwa mwaka huu huu, bado mapya. Muhuri wa namba nilikuwa nikiufunga mimi mwenyewe."

Mkaguzi alishafika, bahasha kifuani. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, lakini aina ya wale ambao huwapati kwa maneno matamu. "Shikamoo mzee. Sina nia ya kukuvunjia heshima. Lakini nitajuaje kwamba namba hizo hukuzitunga hapo ulipokanyaga kopo?"

"Marahaba. Fungua uone."

"Nitafungua. Nachagua kumi mimi mwenyewe. Wewe unataja kabla sijafungua. Ukipatia yote, nakaa hapa hapa mpaka kila kopo liandikwe jina na kugawiwa. Ukikosea..."

"Nikikosea?"

"Hata moja, mzee, yote yanapanda lori. Sitaki kumzika mtu kwa sababu ya kopo la samaki."

Nje honi ikalia. Lori lilikuwa limewahi.

Watu waliacha ndoo zao wakaizunguka meza. Kinyozi akajifanya mtangazaji wa mpira. Mkaguzi akaanza kuchagua, moja chini ya mlima, moja juu, moja nyuma, kama mtu anayechagua mayai. Mwalimu akaleta kifungua kopo na sahani.

"La kwanza!"

Mzee akaliinamisha kwenye mwanga. "Maharage."

Krr, krr, krr. Maharage.

"La pili!"

"Nyanya."

Nyanya. Watu wakapiga makofi. La tatu maharage, la nne samaki, la tano samaki, la sita mananasi. Kila likifunguliwa, Mzee anarefuka. Kufika la nane mgongo ulikuwa umenyooka kama siku ya kwanza aliyoajiriwa, na sauti yake ilikuwa sauti ya mtu anayeita majina ya wanafunzi. Aliwaza, na waje sasa watu wa kiwandani wanione! La tisa, maharage. Mkaguzi akatoa kitambaa akajifuta shingo.

"La kumi."

Mzee akasoma. Thelathini na moja. Akafumbua kinywa.

"Hao si samaki," sauti ikasema.

Sasa, katika kona ya ukumbi, chini ya bati zima lisilovuja, tangu asubuhi kulikuwa na mtu amekaa amefungua mwavuli. Wengi walidhani ni mambo ya uzee. Mwavuli ukafungwa, na nyuma yake akatokea mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho ya mtu anayekagua. Mzee alimwona, akamtambua. Kati ya watu wote wa dunia hii, aliyesimama mbele yake ni Bibi Lebo!

Huyu alikuwa mkuu wa meza ya kubandika karatasi. Miaka ishirini na miwili meza yake ilikuwa hatua tatu kutoka kwa Bi Mkubwa, na ndiyo maana waliitana "jirani", na miaka hiyo yote ishirini na miwili waligombana kwa jambo moja. Asubuhi kiwanda kilifunga samaki. Mchana, baada ya chakula, kikafunga mananasi. Ili namba ibadilike, mtu wa mifuniko alitakiwa kulegeza skrubu mbili na kubadili muhuri kabla ukanda haujaanza. Dakika nne tu. Bibi Lebo alidai kwamba Mfuniko alikuwa akimalizia chai yake kwanza, na kwamba makopo ya kwanza ya kila mchana yalikuwa mananasi yaliyovaa namba ya samaki. Yeye aliyakamata kwa sikio: alitikisa kila kopo kabla ya kulivisha. Mfuniko aliapa mbele ya mabosi watatu tofauti kwamba ni uzushi, kwamba kosa ni la wapishi, kwamba huyu mama anasikia vitu visivyokuwepo. Hakuwahi kukubali. Siku ya kufungwa kiwanda waliagana kwa kutikisa vichwa tu.

"Jirani," akasema Mzee.

"Jirani. Usishangae. Wiki tatu nakuona ukija mpaka getini unageuza, na kila ukija mimi naingia chini ya mwavuli. Ulidhani ni wewe peke yako unayeona haya? Leo ningenyamaza nikapewa changu nikaenda. Lakini siwezi kukaa kimya nikiona mananasi yanaitwa samaki. Lete hapa."

Akalichukua kopo, akalitikisa mara mbili karibu na sikio. "Samaki wamebanana, hawatembei. Huyu anatembea, tena anacheza. Mananasi hayo, na maji yake ya sukari."

"Namba inasema samaki," akasema Mkaguzi polepole.

"Namba ilisema samaki miaka ishirini na miwili."

Honi ya lori ikalia tena, mara hii ndefu. Mkaguzi akamgeukia Mzee. "Neno ni lako, mzee. Hatukukubaliana na mama huyu. Kopo hili ni la nini?"

Mzee akalitwaa kopo. Akalitikisa. Masikio yake yalikuwa mazima, hayajawahi kuugua. Hata zamani, kila mchana, chai mkononi, alikuwa akisikia vizuri sana kilichokuwa kikipita ukandani. Kilichougua ni shingo, iliyokataa kuinama. Na mji ule wa mbali, mbele ya Bi Mkubwa, bila shaka kulikuwa na kijana fulani aliyekuwa akimalizia chai yake pia.

Angesema samaki, angebaki na heshima yake yote ya miaka thelathini na mmoja, kwa muda wa krr, krr, krr. Halafu makopo mia sita yangepanda lori. Angesema mananasi, ingembidi aeleze kwa nini namba yake inadanganya, na pengine Mkaguzi angesema: basi na hizo nyingine tisa ni bahati tu, pakieni. Alimkumbuka yule mjukuu na swali lake la meno.

"Mananasi," akasema.

"Lakini namba..."

"Namba ni makosa, na makosa ni ya mtu wa mifuniko. Makopo ya kwanza baada ya chakula cha mchana, kama ishirini hivi, hutoka na namba ya asubuhi kwa sababu yule mtu hajabadili muhuri. Najua kwa sababu..." Akamtazama Bibi Lebo, akayaondoa macho, akayarudisha. "Kwa sababu na mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Nilikuwa namalizia chai. Mama huyu alisema kweli tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mzushi mbele ya mabosi watatu. Nisamehe, jirani."

Bibi Lebo aliketi juu ya ndoo ya mtu.

"Fungua," Mwalimu akasema kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko kawaida yake.

Mkaguzi akafungua mwenyewe. Krr. Krr. Mkono haukuwa na haraka. Akaufunua mfuniko, akainama, akanusa. Kisha akachovya kidole, bila kujali kanuni zake mwenyewe, akakilamba.

"Mananasi," akasema.

Kelele iliyopigwa pale ilifanya mabati yaitikie. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Dereva wa lori alikuja kuchungulia akidhani kuna ugomvi, akapewa kipande cha nanasi kabla hajauliza.

"Ngojeni, ngojeni!" Mkaguzi akainua bahasha. "Bado. Kama namba zinadanganya baada ya chai, nazitegemeaje?"

"Usizitegemee peke yake," Mzee akasema. "Mimi nasoma, mama anatikisa. Tukipatana, andika jina. Tusipopatana, lifungue hapa hapa."

"Na lililofunguliwa?"

"Wewe unaonaje, bwana? Sisi tunaonekana kama watu tulioshiba?"

Mkaguzi alifikiri, midomo ikicheza. Hatimaye akavua saa yake, akakunja mikono ya shati. "Haya. Lori lirudi."

Ndipo ukumbi ukageuka kiwanda. Hakuna aliyepanga, mstari wenyewe, ule uliokuwa umejikunja ukutani, ulinyooka ukawa ukanda. Makopo yakapita mkono kwa mkono kutoka kwenye mlima. Mzee alisimama mwanzo wa meza, anageuza, anasoma, "Kumi na nne!" Bibi Lebo pembeni yake, hatua tatu, anatikisa, "Maharage!" Kinyozi na kalamu ya wino mzito anaandika jina kwenye bati, kwa mikono ile ya kuchonga ndevu, herufi zina mikia na mapindo kama kadi za harusi.

"Andika ya kusomeka," Mwalimu akamkaripia. "Hii 'nyanya' inafanana na nyoka."

"Mwalimu, hii ni staili mpya."

"Staili mpya utaandika kwenye vichwa vya watu."

"Jirani, harakisha!" Bibi Lebo alikuwa akipiga kelele. "Au umeletewa chai?"

"Chai gani? Thelathini na moja!"

"Samaki! Sogeza! Siku hizi una mikono ya mtu anayeaga!"

"Na wewe unatikisa kama unalea mtoto. Arobaini!"

Walikuwa wakicheka, wote wawili, na hakuna aliyewahi kuwaona wakicheka pamoja, ila pale hapakuwa na aliyejua jambo hilo isipokuwa wao.

Hawakupatana kwa makopo ishirini na moja. Kila moja lilifunguliwa, na katika hayo ishirini na moja Bibi Lebo alipatia ishirini. Lile lililobaki lilikuwa samaki kweli, kopo lililojazwa nusu, wamelegea wanaogelea, na Mzee alilishangilia peke yake kuliko watu mia walivyoshangilia mananasi. Alilizungusha ukumbini akimwonyesha kila mtu. "Moja! Nimempata moja! Mnaona? Na yeye ni binadamu!"

Vilivyofunguliwa vikaliwa palepale, maana Mkaguzi alisema haviwezi kulala. Vijiko vilikuwa tisa tu, vikapokezana. Walikula maharage na mananasi sahani moja, kitu ambacho hakuna mama mwenye akili timamu angekipika, na wakajilamba vidole. Mkaguzi aliuliza kwa kila kijiko kilichompita kama kuna mtu anayevimba kwa samaki. Alipohakikishiwa kwa mara ya nne kwamba hayupo, aliketi juu ya kreti akala kuliko wote.

Makopo yote yalipokwisha kupata majina, ugawaji ukaanza. Mwalimu alimvuta Mzee pembeni, karibu na mlango mdogo wa nyuma. Alikuwa mama mwenye macho. Alishaona kofia ilivyovutwa asubuhi.

"Baba yangu, najua si kila mtu anapenda kusimama mbele za watu. Wewe leo umetufanyia kazi. Nikujazie gunia lako hapa hapa, upitie nyuma. Hakuna atakayejua."

Mzee aliutazama ule mlango. Asubuhi angeupita hata kwa kutambaa. Ulikuwa mlango mzuri tu, umepakwa rangi ya buluu, na nje yake kuna uchochoro mtulivu unaotokea karibu kabisa na kwake.

"Nakushukuru, Mwalimu. Lakini watu wamekwisha kunijua mpaka chai yangu. Nifiche nini tena?"

Akarudi kwenye mstari. Kinyozi akataka kumpitisha mbele, na mtu wa mbele ya kinyozi, na wa mbele yake, mpaka akajikuta nyuma ya mgongo mpana alioujua.

"Hapa hupiti," akasema Bibi Lebo bila kugeuka. "Mimi nimekuja saa moja asubuhi."

"Sijasema nataka kupita."

"Naona unavyopumua. Hiyo ni pumzi ya mtu anayetaka kupita."

"Jirani."

"Nini?"

"Alhamisi ijayo utakuja?"

Mwanamke akageuka, akampima kuanzia viatu. "Mwalimu anasema kuna mzigo mwingine wa kiwanda hicho hicho unakuja, bado una karatasi zake. Hatuna kazi."

"Kuna foleni. Kwenye foleni watu huongea."

"Njoo na mkeo," akasema Bibi Lebo. "Ana miaka mingi anasikia habari zangu kutoka kwako. Nataka azisikie kutoka kwangu."

Alipewa chake, akasogea. Zamu ya Mzee ikafika. Mwalimu akashika kalamu juu ya daftari, akauliza kwa sauti ya chini, kama alivyowauliza wote, "Nyumbani mko wangapi, baba?"

"Watano!" Mzee akajibu, na hata dereva wa lori, aliyekuwa bado hajaondoka, akamsikia. "Mimi, mke wangu, na wajukuu watatu wenye meno mazima. Na kuna mtoto wa nyumba ya pili anayekula kwetu kila siku bila kualikwa, huyo mwandike nusu."

"Nusu mtu sina mahali pa kumwandika."

"Basi mwandike mzima. Anakula kama mzima."

Watu nyuma wakacheka. Mwalimu akaandika sita. Mzee alibeba gunia lake begani, zito la kutosha kumpinda, akatoka kwa geti kubwa. Nje alisimama kidogo, akatazama kulia, kwenye uchochoro, akatazama kushoto. Halafu akashika barabara kuu, katikati, akamsalimia mtu wa kwanza aliyekutana naye, na wa pili, na wa tatu. Na wa tatu alipouliza ametoka wapi na mzigo wote huo, aliushusha chini, akatafuta kopo lenye kibonye, akaanza kumweleza tangu mwanzo.